Fundi Royce na pumzi ya injini

Wahenga wetu wa pwani waliponena kwamba ukiona vyaelea vimeundwa, macho yao yalikuwa juu ya majahazi. Lau wangaliishi hadi zama zetu, wakasimama kando ya barabara kuu pale Changamwe na kuyatazama malori yakipanda kuelekea Miritini na Mazeras, au wakasimama Likoni wakati feri inaposhusha magari, bila shaka wangalisema vivyo hivyo. Kila kinachokwenda kimeundwa, na kila kilichoundwa vyema kina mtu aliyekesha kwa ajili yake. Sisi tunaokitumia hukiona kikienda tu. Usiku wa yule aliyekesha hatuujui.

Leo nataka tumkumbuke mmoja wa waliokesha. Huyu ni Henry Royce, Mwingereza aliyefariki mwaka 1933. Jina lake, likiandamana na la mwenzake Charles Rolls, limekuwa kipimo cha ubora duniani kote. Hata mtu ambaye hajawahi kuliona gari la Rolls-Royce kwa macho yake hulitaja anapotaka kusifu kitu kisicho na kasoro. Lakini umaarufu wa jina umemficha mwenye jina. Wengi hudhani kwamba alikuwa bwana mkubwa aliyezaliwa katika jumba la fahari, akatengeneza magari kwa ajili ya mabwana wenziwe.

Ukweli ni kinyume chake. Royce alikuwa mtoto wa mkata, mwanagenzi aliyekatiziwa mafunzo kwa kukosa ada, na fundi ambaye hakuvumbua gari wala hakuvumbua injini. Alichokifanya ni kukaa takriban miaka thelathini akiuliza swali lile lile kwa namna mbalimbali: injini inapumuaje, na itapumuaje vizuri zaidi? Nadai kwamba swali hilo, na jinsi alivyolijibu kwa kujaribu na kupima, lina faida kubwa zaidi kwa vijana wa gereji zetu za Changamwe, Kisauni na Likoni kuliko hadithi yoyote ya fahari ya magari yake.

Frederick Henry Royce alizaliwa tarehe 27 Machi 1863 katika kijiji cha Alwalton, karibu na mji wa Peterborough, akiwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto watano. Babake, James Royce, alikuwa msagaji nafaka. Biashara ya kinu ilimwangukia, akahamia London kutafuta riziki, na huko akafariki mwaka 1872 akiwa katika nyumba ya kuwahifadhi maskini. Henry alikuwa na umri wa miaka tisa tu. Tangu hapo alijilisha kwa jasho lake. Aliuza magazeti, kisha akawa tarishi wa kupeleka telegramu majumbani mwa watu wenye nafasi. Shuleni alipita kwa vipindi vifupi mno, na elimu nyingine yote ya maisha yake aliichuma mwenyewe.

Alipofika umri wa miaka kumi na minne hivi, jamaa yake mmoja wa kike alijitolea kumlipia uanagenzi katika karakana za reli za Great Northern mjini Peterborough. Mwenye nyumba alimopanga alikuwa na karakana ndogo uani, na jioni kijana alijifunza humo kukereza chuma na kupiga tupa. Mambo yalikuwa yanaanza kumnyokea. Lakini baada ya miaka mitatu hivi yule jamaa aliishiwa na fedha, ada ikakatika, na uanagenzi ukafia njiani. Royce hakupata cheti chochote cha kuonyesha kwamba alikuwa fundi.

Hapa ningependa msomaji atue kidogo. Katika gereji za bara yetu ya Mombasa, kuanzia Magongo hadi Mtongwe, kuna vijana wangapi ambao kisa chao ni hiki hiki? Mzazi alilipa miezi ya mwanzo, kisha maradhi yakaingia nyumbani, au kibarua cha bandarini kikaota nyasi, na kijana akabaki na mikono inayojua nusu ya kazi bila karatasi ya kuithibitisha hata hiyo nusu. Royce alikuwa mmoja wao. Alizunguka akiomba kazi hadi akafika Leeds, akaajiriwa na watengenezaji wa zana kwa shilingi kumi na moja kwa wiki. Baadaye aliingia katika kampuni ya umeme mjini London, akawa anafanya kazi mchana na kuhudhuria masomo ya umeme usiku. Umeme ulikuwa mambo mapya wakati huo, na wenye vyeti hawakuwa wengi. Mlango uliofungwa kwenye reli ulifunguka kwenye waya.

Mwaka 1884, akiwa na pauni ishirini alizojiwekea, aliungana na Ernest Claremont aliyeleta pauni hamsini, wakafungua karakana katika mtaa wa Cooke mjini Manchester. Walianza na kengele za umeme na vifaa vidogo vidogo, wakaendelea na jenereta na winchi za umeme za kunyanyulia mizigo. Bidhaa zao zilisifika kwa kudumu. Hata hivyo, kufikia mwanzo wa karne ya ishirini soko lililegea, na bidhaa rahisi kutoka nje zikaanza kuwabana. Wakati huo ndipo Royce, ambaye afya yake ilikwisha kudhoofika kwa kazi nyingi, aliponunua gari lililokwisha kutumika, la Kifaransa, aina ya Decauville.

Wengi husimulia kwamba gari hilo lilikuwa bovu. Sivyo. Kwa magari ya wakati ule lilikuwa zuri. Lakini Royce hakuweza kukivumilia kitu kilichokuwa kizuri kiasi. Kelele zake zilimkera, mtikisiko wake ulimkera, na zaidi ya yote namna injini ilivyokuwa ikikohoa na kusitasita ilimkera. Badala ya kulalamika alilifungua, akakitazama kila kipande, akajiuliza kwa nini kimefanywa hivyo na si vinginevyo. Kisha akaamua kutengeneza lake.

Ili tuelewe alichokabiliana nacho, ni lazima tuzungumze kidogo juu ya pumzi ya injini. Injini ya petroli haili petroli peke yake; hula hewa iliyochanganyika na petroli kidogo. Kwa uzito, kila sehemu moja ya petroli huhitaji karibu sehemu kumi na tano za hewa ili iungue barabara. Pistoni inaposhuka ndani ya silinda huvuta hewa. Hewa hiyo hupita katika shingo nyembamba ya kabureta, na kwa kuwa njia ni finyu mwendo wake huongezeka na shinikizo lake hupungua. Kupungua huko kwa shinikizo ndiko kunakofyonza petroli kupitia tundu dogo liitwalo jeti, ikatoka kama manyunyu na kuingia silindani pamoja na hewa.

Kwa maneno ni jambo jepesi. Kwa vitendo lilikuwa kitendawili. Injini ikienda polepole, mfyonzo ni hafifu na petroli haitoshi. Injini ikikaza mwendo, petroli hufuata upesi kuliko hewa, mchanganyiko ukawa mzito, moshi mweusi ukatoka na nguvu zikapotea. Madereva wa kwanza walilazimika kusawazisha hewa na petroli kwa mkono huku wakiendesha. Si hayo tu. Katika injini nyingi za wakati huo, zikiwemo za De Dion zilizosifika sana, valvu ya kuingizia mchanganyiko haikufunguliwa na mtambo wowote. Ilishikiliwa na springi dhaifu, ikangoja mfyonzo wa pistoni uivute. Kwa mwendo wa pole ilitii. Kwa mwendo wa kasi ilichelewa kufunguka na kuchelewa kufunga, na injini ikawa kama mtu anayekimbia huku amezibwa pua.

Mafundi wetu wanalijua tatizo hili hata kama hawalipi majina haya. Kwa miaka mingi, kabla magari ya kudungiwa petroli kwa kompyuta hayajaenea, gari lililotengenezwa vizuri hapa Changamwe, kwenye usawa wa bahari, lilianza kunung'unika likipanda bara. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Likoni. Kabureta isiyojua habari hizo humwaga petroli ile ile kwa hewa iliyopungua. Ndiyo maana fundi wa Mombasa na fundi wa Nairobi walipishana kauli juu ya gari moja, na kila mmoja akasema kweli kwa hewa ya mji wake.

Royce alilishughulikia tatizo hili kwa njia mbili. Kwanza, valvu za kuingizia aliziweka juu ya silinda na kuzifanya zifunguliwe kwa nguvu ya injini yenyewe, wala si kwa kubahatisha mfyonzo. Pili, alitengeneza kabureta yake. Mfaransa Arthur Krebs alikwisha kuonyesha mwaka 1902 kwamba kabureta yaweza kuwa na mlango wa hewa ya ziada unaojifungua wenyewe kadiri mfyonzo unavyoongezeka. Royce hakuona haya kujifunza kwa mwenziwe. Aliichukua njia hiyo, akaisafisha, akaijaribu na kuijaribu tena mpaka injini ikaweza kwenda pole pasipo kuzima na kukaza mwendo pasipo kukohoa.

Wasaidizi wake wakuu walikuwa wanagenzi wawili, Eric Platford na Tom Haldenby. Walifanya kazi mchana na usiku, mara nyingi bosi wao akisahau kula. Injini ya kwanza ilinguruma mezani mwa majaribio mwezi Septemba 1903, na gari lenyewe likatoka nje ya mtaa wa Cooke tarehe 1 Aprili 1904. Lilikuwa na silinda mbili na nguvu za farasi kumi. Halikuwa na jambo hata moja ambalo ulimwengu haukuwahi kulisikia. Jipya lilikuwa ukimya wake.

Ukimya huo ndio uliomvuta Charles Rolls, kijana wa ukoo wa kilodi aliyekuwa akiuza magari ya kigeni London na kutamani gari la Kiingereza lenye heshima. Walikutana mjini Manchester mwezi Mei 1904. Mmoja alikuwa amesoma Cambridge, mwingine alikuwa amesoma kwenye tupa na nyundo, lakini walielewana. Kabla ya mwaka kwisha walikubaliana kwamba magari yote ya Royce yatauzwa na Rolls kwa majina yao wawili, na kampuni ya Rolls-Royce ikasajiliwa mwaka 1906. Rolls hakuishi kuyaona matunda yote, kwani alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1910 akiwa na umri wa miaka 32. Jina lake lilitangulia la fundi, na limebaki kutangulia hadi leo.

Mwishoni mwa mwaka 1906 walionyesha gari lililowatoa, lenye silinda sita na ujazo wa lita saba. Na hapa ndipo penye funzo ambalo mimi huliona kubwa kuliko yote. Katika gari hili Royce aliuacha mpango wake mwenyewe wa valvu za juu, akaziteremsha zote ubavuni mwa injini. Alikwisha kuona kwamba kwa injini ile kubwa isiyo na haraka, utulivu na uthabiti vilikuwa na thamani kuliko wepesi wa pumzi. Kabureta aliitia jeti mbili, moja ya mwendo wa pole na nyingine ya mwendo wa kasi. Miaka kumi na sita baadaye, alipotoa gari dogo zaidi mwaka 1922, alizirudisha valvu juu, na mwaka 1925 gari kubwa jipya, Phantom, likafuata njia hiyo. Hakuwa na mapenzi na wazo lolote kwa kuwa ni lake. Kilichomshawishi ni matokeo ya majaribio.

Majaribio yenyewe hayakufanywa kwa siri za karakana tu. Mwaka 1907 gari moja la aina hiyo, lililopakwa rangi ya fedha na kuitwa Silver Ghost, lilikabidhiwa wakaguzi wa chama cha magari cha Uingereza, likaendeshwa usiku na mchana hadi likatimiza maili 15,000. Hizo ni takriban kilomita 24,000, sawa na kwenda Nairobi kutoka Changamwe mara hamsini hivi. Katika safari hiyo, ukiacha matairi, lilisimama mara moja tu bila kukusudiwa. Lilipofika maili 629, bomba dogo la kufungulia petroli lilijifunga lenyewe kwa mtikisiko, injini ikakosa chakula na kunyamaza. Likafunguliwa, safari ikaendelea kwa maili 14,371 pasipo kusimama tena kwa hitilafu. Mwishoni wakaguzi walilifungua gari lote, wakapima kila kipande, wakaona kwamba gharama ya vilivyochakaa ilikuwa pauni mbili, shilingi mbili na peni saba.

Mwaka 1911 likaja jaribio jingine. Gari lililotiwa kabureta kubwa zaidi na kuongezwa mgandamizo liliendeshwa na Ernest Hives kutoka London hadi Edinburgh na kurudi likiwa katika gia ya juu peke yake. Injini ilitakiwa ipumue vizuri katika mwendo wa kutambaa na katika mwendo wa kasi bila kusaidiwa na gia. Ilitumia galoni moja kwa kila maili 24.32, yaani zaidi kidogo ya kilomita nane na nusu kwa lita. Kisha gari hilo hilo likakimbizwa katika uwanja wa Brooklands kwa zaidi ya maili 78 kwa saa. Angalia tarakimu hizo, msomaji. Hazikusemwa kwa makisio. Kuna mtu aliyepima, na kuna mtu aliyeandika.

Magari ya Royce yalifika hata huku kwetu, lakini si kwa starehe. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, chasisi za gari hili zilifunikwa mabamba ya chuma zikawa magari ya kivita, na baadhi yake zikapigana upande wa Taveta mwaka 1916 chini ya Jenerali Smuts, wakati ambapo Kilindini ilikuwa lango la majeshi ya Waingereza. Injini zilistahimili vumbi na jua. Lakini vichaka, matope na miba havikujali ubora wa injini, na mzigo mkubwa wa vita ile ukaangukia mabega ya wapagazi wa Kiafrika, ambao makumi ya maelfu kati yao walikufa kwa maradhi na uchovu. Jina la mtaa wa Kariakoo latokana na kikosi chao. Ni vyema tulikumbuke hilo tunapousifu mtambo wowote: wapo waliobeba pale mtambo uliposhindwa, na hakuna aliyehesabu kuchakaa kwao hadi peni ya mwisho.

Royce mwenyewe hakuwa na mwili wa chuma. Mwaka 1911 aliugua vibaya, akafanyiwa upasuaji, na tangu hapo hadi kufa kwake aliishi mbali na kiwanda kilichokuwa kimehamia Derby. Kipupwe alikipisha kusini mwa Ufaransa, na siku nyingine katika vijiji vya pwani ya Uingereza, akiangaliwa na muuguzi wake, Ethel Aubin. Ndoa yake ilikwisha kuvunjika. Wahandisi walimfuata nyumbani, michoro ikaenda na kurudi kwa posta. Tusiyapambe haya. Kazi isiyo na kiasi ilimla afya na nyumba yake, na kijana anayetaka kumwiga asimwige katika hilo.

Hata kutoka kitandani hakuacha swali lake. Vita vilimfanya atengeneze injini za ndege, na mbili kati ya hizo, aina ya Eagle, ndizo zilizowavusha Alcock na Brown bahari ya Atlantiki mwaka 1919 bila kutua. Angani shida ya pumzi huzidi, kwa kuwa kadiri ndege inavyopaa ndivyo hewa inavyopungua. Ule mlima wa kutoka Changamwe hadi Nairobi, ndege huupanda mara kadhaa kwa dakika chache. Jawabu lilikuwa ni kuacha kuingoja hewa ivutwe na badala yake kuisukuma ndani kwa feni yenye nguvu. Katika injini iliyoitwa R, waliyoiunda kwa ajili ya mashindano ya ndege za kutua majini, feni hiyo ilikuwa kazi ya mhandisi James Ellor. Injini mama yake ilitoa nguvu za farasi zisizofika elfu moja. R ilitoa 1,900 mwaka 1929, na 2,350 mwaka 1931, mwaka ambao iliisukuma ndege kwa zaidi ya kilomita 650 kwa saa na kuvunja rekodi ya dunia. Ujazo wa silinda haukubadilika. Kilichobadilika kwa sehemu kubwa ni jinsi injini ilivyolishwa hewa na mafuta.

Mwaka 1930 mfalme alimpa cheo cha heshima, naye akaitwa Sir Henry. Pamoja na hayo inasimuliwa kwamba alipenda kujitambulisha kuwa fundi tu. Alifariki tarehe 22 Aprili 1933 nyumbani kwake West Wittering akiwa na umri wa miaka sabini, na majivu yake yakarudishwa Alwalton, kijiji ambacho kinu cha babake kiliishia katika hasara. Nyuma yake aliacha injini mpya iliyokuwa bado kwenye michoro na majaribio, ambayo baadaye iliitwa Merlin na kuendesha ndege za Spitfire katika Vita vya Pili. Nayo ilikuwa na dosari ya pumzi: ndege ilipoinamishwa ghafula, petroli ilikosa mpangilio kaburetani na injini ikasita. Mhandisi mwanamke, Beatrice Shilling, aliipunguza dosari hiyo mwaka 1941 kwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu. Marubani waliokoka kwa tundu lililopimwa sawasawa.

Sasa turudi kwetu. Kuna watakaoniuliza, fundi wa Changamwe na Rolls-Royce wapi na wapi? Kabureta yenyewe imebaki zaidi katika pikipiki za bodaboda na jenereta, na magari ya leo hupima hewa kwa vihisi vya umeme. Ni kweli. Lakini injini ingali inapumua. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi la Kisauni huziba pumzi hiyo leo kama ambavyo kingeiziba mwaka 1904, na kihisi kilicholiwa na chumvi ya Likoni huidanganya kompyuta kama ambavyo jeti iliyoziba ilivyomdanganya dereva wa zamani. Zana zimebadilika, ila kazi ya kutafuta sababu haijabadilika.

Mafundi wetu wana mikono mizuri, na wengine wana masikio ya ajabu. Huisikia injini ikipita njiani wakataja ugonjwa wake. Wanachokosa wengi wao ni daftari. Gari huletwa likikohoa, fundi akabadilisha plagi, akasafisha jeti, akagusa na muda wa kuwaka, yote kwa mkupuo. Gari likapona. Lakini ni lipi lililoliponya? Hajui, mteja hajui, na mwanagenzi aliyeshika tochi hajui. Kesho likija lingine lenye dalili zile zile wataanza upya. Royce angebadilisha kitu kimoja, akajaribu, akapima, akaandika, kisha akagusa kingine. Njia hiyo haihitaji kiwanda cha Derby. Yahitaji kalamu, saa, chupa ya kupimia petroli na subira.

Lawama isiwaelemee mafundi peke yao. Royce alipata wenzake waliomwekea mtaji na wateja waliokuwa tayari kungoja. Sisi wateja wa huku twataka gari litoke kabla ya magharibi, kwa bei ya chini, kwa kipuri cha bandia tulichokinunua wenyewe, kisha likiharibika Mariakani tunamlaani fundi. Anayelipia haraka ataletewa haraka. Mwenye matatu au lori anayedai kazi ya kupimwa hana budi kuulipia muda wa kupima.

Na liko jambo kubwa kuliko magari. Yule mwanagenzi ambaye ada yake imekatika tusimwache azame. Mitihani ya ufundi ya serikali ipo, ya daraja la tatu hadi la kwanza, na kijana aliyejifunzia chini ya mwembe aweza kuifanya. Wazee wa gereji wangefanya hisani kubwa wakiwahimiza vijana wao kwenda kuikabili, na wenye uwezo wa mitaa yetu, misikiti na makanisa yetu, wangetoa sadaka yenye kudumu wakimlipia mmoja mmoja ada hiyo ndogo. Peterborough ilimpoteza mwanagenzi kwa pauni chache. Alibahatika kujiokoa mwenyewe, lakini kwa kila Royce aliyejiokoa, Mungu ndiye ajuaye ni wangapi waliozama.

Injini huzimwa na kitu kidogo: bomba lililojifunga, tundu lililoziba, hewa iliyopungua. Kijana naye huzimwa vivyo hivyo. Kabla ya kumwita mvivu au mpungufu wa akili, tufanye alivyofanya fundi Royce. Tufungue, tutazame pumzi yake imezibwa wapi.